Sweta la Kinyonga

Jumatatu, manyunyu na baridi. Nimeanika sweta la mjukuu ndani, na harufu ya sufu mbichi imenirudisha shuleni.

Mama alifumua masweta ya mitumba, akanifumia moja la rangi sita, au saba, sina hakika. Wakubwa walimwita kinyonga mtu anayehamahama vyama. Wenzangu waliniita mimi. "Kinyonga huyooo!" Nilitaka kulitupa chooni.

Asubuhi moja mstarini baridi ilitutesa. Msichana aliyeanzisha jina lile, na niseme haki, alikuwa na shati tu, akaninong'oneza, "Kinyonga, niingize mkono mmoja."

"Sema dada Kinyonga."

"Dada Kinyonga, jamani!"

Nikamwingiza. Jioni akaja kwetu. "Shikamoo, mama Kinyonga. Na mimi nifumie kama lile."

Mama alicheka sana. Tukala naye ugali na samaki wa migebuka.