Chaki kwenye Puli

Dizeli iliyomwagika kwenye chuma baridi ina harufu yake, nzito kuliko ile ya kituo cha mafuta, na hukaa kooni kama ladha. Juzi nilipita karibu na gereji moja hapa Nachingwea wakati fundi analegeza paipu ya nozeli, ile inayopeleka dizeli kwenye injini. Harufu ile ilinifikia, nikasimama njiani na mfuko wangu wa nyanya. Nilikuwa na miaka tisa tena, nimepiga magoti juu ya kreti ya soda, nikitazama tone la dizeli.

Tulikuwa tunaishi Ruangwa. Baba alikuwa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Kagera, mtu wa kuamini kitabu na rula. Alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli. Tangu pampu yake ya mafuta ifunguliwe kwa matengenezo, ilikuwa haiwaki asubuhi ila kwa kusukumwa, na ikiwaka ilitoa moshi mweupe hadi majirani wakafunga madirisha. Mama alikuwa mjamzito. Nesi alikuwa amemwambia asingoje uchungu umkute nyumbani. Aende mapema hospitali ya misheni, kule mbele ya Nanganga, akakae hukohuko. Safari ilipangwa Jumatatu. Jumamosi alikuja fundi Severini kutoka Nachingwea kurekebisha pampu.

Severini alikuwa kijana mwembamba, mcheshi, aliyeyaamini masikio yake. Alitaka kuisogeza pampu injini ikiunguruma, mpaka mlio umridhishe. Baba alikataa.

"Mwalimu, injini hii nikiisikia tu naijua."

"Hata mimi wanafunzi wangu nikiwasikia nawajua. Lakini mtihani nawapa."

Fundi alicheka, akaukubali mtihani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Pampu inatakiwa ianze kusukuma dizeli muda mfupi kabla pistoni haijafika juu. Ikichelewa, ni moshi mweupe. Ikiwahi mno, injini inagonga kama nyundo. Ili kujua inaanza lini, Severini alitoa paipu ya silinda ya kwanza na valvu ndogo iliyo chini yake, akafunga pale kipande cha paipu kilichopinda kama shingo ya bata. Dumu la dizeli lilining'inizwa kwenye boneti, mafuta yakateremka yenyewe hadi kwenye shingo ile. Kisha akaizungusha injini polepole kwa spana. Mafuta yalipungua, yakawa matone, yakakoma. Yanapokoma ndipo pampu inapoanza kusukuma. Mwenye kutazama tone aseme "Hapo!" na Baba, aliyelala chini ya gari, achore mstari wa chaki kwenye puli, lile gurudumu la mkanda mbele ya injini, aone uko mbali kiasi gani na alama ya kiwandani.

Mwenye kutazama tone nilikuwa mimi. Baba alisema macho yangu ndiyo mazima kuliko yote nyumbani.

Nilichokuwa nacho moyoni sikumwambia mtu. Mwaka uliotangulia Mama alikwenda hospitali hiyohiyo na tumbo kubwa, akarudi bila tumbo na bila mtoto, akalala siku nyingi akitazama ukuta. Kwa hesabu yangu, kilichomfanya vile ni safari. Gari lisipopona, hakuna safari.

Basi tone lilipokoma, nilihesabu kimoyomoyo hadi tatu, ndipo nikasema, "Hapo!"

"Imechelewa," Baba alisema kutoka chini.

Severini alilegeza nati, akaisogeza pampu kidogo, akakaza. Mara ya pili nilihesabu hadi tano. Mara ya tatu hadi nane.

"Mwalimu, pampu imegota mwisho," Severini alisema, akijifuta jasho kwa kiwiko. "Na binti mkaguzi huyu bado anatuambia tumechelewa! Tuishushe, niende nayo Nachingwea. Wiki mbili hivi."

Nilifurahi. Lakini Mama, aliyekuwa barazani akichambua mbaazi, aliinua uso, na mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Wiki mbili sina, fundi," alisema taratibu.

Baba alitoka chini ya gari, akajikung'uta vumbi. "Usiguse kitu. Tupime mara tatu hivihivi ilivyo." Nikapima, kila mara nikihesabu kwanza, mistari mitatu ikachorwa. Kisha akaniteremsha, akampa Severini chaki azungushe na kuchora peke yake, akalitazama tone yeye mwenyewe mara tatu.

"Ebo! Yako imewahi mno, Mwalimu. Tumepitiliza."

Baba alichuchumaa mbele ya puli kwa muda mrefu. Mistari yake mitatu ilikuwa imelaliana kama mmoja. Mitatu yangu ilikuwa imeachana, kila mmoja na mahali pake, yote upande uleule.

"Macho yamechoka," aliniambia. "Kanawe uso."

Niliporudi, alikuwa ananisubiri. "Jumatatu utakwenda nasi. Utakaa katikati. Utakiona kitanda cha mama yako, utamwona na nesi. Haya, panda kwenye kreti."

Severini aliirudisha pampu katikati. Tone lilipokoma nilisema "Hapo!" papo hapo. Baada ya kuisogeza mara mbili, mstari uliangukia kwenye alama. Jumatatu gari liliwaka bila kusukumwa, na mdogo wangu wa kiume alizaliwa kabla mwezi haujaisha, akilia kwa nguvu.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba niliponea hapo, kwamba Baba alidhani macho yalichoka kweli na alinichukua kwa kuwa hapakuwa na wa kubaki nami. Kisha nikiwa mtu mzima, nikijifunza upimaji kwa vitabu vya kuazima, nilisoma kwamba jicho lililochoka hukosea huku na huku, na kosa linaloelemea upande mmoja lina sababu yake, itafutwe. Nilikifunga kitabu nikampigia Baba simu, nikamuuliza kama alijua siku ile.

Alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, mstari wa mwisho ulikaribia kuzunguka puli nzima. Ningekuuliza unaogopa nini, ungenidanganya tena. Nikaona nikupeleke tu."