Vikombe vya Alhamisi

Mama yangu hakuturuhusu kumega ugali kabla ya kujibu swali lake. "Leo umemwona wapi?" Alimaanisha Mungu. Tukishanawa mikono, kila mtoto alitakiwa kutaja mahali pa kawaida alipouona upendo wake siku hiyo: njiani, mtoni, shuleni, hata jikoni. Mbinguni hapakukubaliwa. Kaka yangu alitaja ng'ombe kila siku, na kila siku jibu lake lilipita. Mimi nilitafuta maneno mazuri mpaka mboga ikapoa.

Miaka mingi baadaye, miguu ilipomkataa, nilimtoa kwetu magharibi nikamleta nyumbani kwangu Kiplombe. Wakati huo nilikuwa karani katika duka la mbegu na mbolea mjini Eldoret. Nilikuwa nimeachwa na mume, nilikuwa na hasira, na Mungu sikumwona popote. Lakini swali lilikuja na mama, pamoja na blanketi lake na Biblia isiyo na jalada. Jioni, kabla sijavua viatu vya matope, sauti ilitoka chumbani.

"Mama, leo umemwona wapi?" Kwetu mzazi humwita bintiye hivyo.

Nikaanza kumdanganya. Nilimwambia muuza maziwa amenipa nyongeza bila kuombwa, kumbe maziwa yenyewe nusu yalikuwa maji. Nilimwambia mkulima mmoja wa Ainabkoi, aliyefuata mbegu dukani, amenikinga mvua kwa mwavuli wake hadi stejini. Mkulima huyo alikuwa amenitukana mbele ya foleni nzima. Mama alimwombea kwa dakika tano, nami nikala nikisikiliza baraka zikimwagwa juu ya mtu niliyemtakia mahindi yaoze shambani.

Mwenye duka la ng'ambo ya barabara sikumtaja hata mara moja. Alikuwa mama wa Kisomali, mjane. Kila adhuhuri, akishaswali, alifunga duka na kuvuka barabara na chupa yake ya chai. Alimgeuza mama kitandani, akamnywesha uji, akakaa naye kidogo kisha akarudi kuuza sukari. Ufunguo wa akiba alikaa nao yeye. Nilimshukuru asubuhi nikipita, haraka haraka, kama mtu anavyomshukuru aliyempisha mlangoni. Haikunijia kwamba huyo angeweza kuwa jibu. Nilikuwa nimeamua swali la mama ni la kanisani, na kanisani nilikuwa nimeshatoka.

Nilitoka hivi. Mume wangu alipoondoka, wamama wa kanisa walikuja kunifariji siku yao ya Alhamisi, na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Walikunywa chai yangu. Kisha kiongozi wao akaniambia nipige magoti nitubu lile lililomfukuza mume wangu, lolote lile. Nikapiga magoti. Mpaka leo wao nimewasamehe kidogo, lakini magoti yangu sijayasamehe. Nikaapa mguu wao hautakanyaga tena kwangu.

Sasa mama, katika kila kitu duniani, alitaka kitu kimoja tu: wamama hao waje wamwimbie kabla hajafa. Alikuwa amevaa kitambaa kama hicho maisha yake yote. Na hapo kuna utaratibu. Wamama hawaendi kwa mgonjwa mpaka mtu wa nyumba hiyo aandike jina la mgonjwa kwenye daftari la mlangoni mwa kanisa, kwa mkono wake mwenyewe. Zamani waliwahi kumtembelea mtu ambaye jamaa zake walikuwa wanamficha, wakaambiwa wanasambaza siri za watu. Tangu hapo, hakuna jina, hakuna ziara.

"Umeniandika?" mama aliuliza.

"Nimekuandika."

Sikuwa nimeandika. Nilijiambia nitaandika Jumapili inayofuata, na Jumapili ikifika nilifua nguo. Kila Alhamisi asubuhi mama aliniomba nipange vikombe sita vya chai ya wamama kwenye meza ndogo, nivifunike kwa kitambaa cha kufuma. Jioni nilivikuta vilevile. Nilivirudisha kabatini. Mama aliuliza swali lake la siku zote tu, na mimi nikabuni mtu mwingine mwema.

Alhamisi moja nilibaki nyumbani na homa. Saa kumi hivi tuliwasikia wamama wakija na wimbo barabarani. Sauti ilifika kwenye geti letu, ikapita, ikaingia nyumba ya tatu. Mama alikuwa ameshikilia ukingo wa kitanda, ameinua kichwa. Alikirudisha polepole kwenye mto.

"Wamepita," alisema.

"Wataanza na wale waliotangulia kuandikwa, Mama."

"Sawa, mama."

Hata siku hiyo sikwenda kuandika. Ningeweza kuvaa viatu nikawafuata nyumba ya tatu. Ni hatua mia moja. Nilikunywa dawa nikalala.

Alikufa Jumatano asubuhi, vikombe nikiwa nimeshaviosha tayari kwa kesho yake.

Kifo hakihitaji daftari. Wamama walikuja wote, wakajaza nyumba hadi uani, wakaimba vizuri ajabu. Kiongozi alinishika mkono. "Dada, mbona hukutuambia? Si tungekuja." Nilimwambia nilisahau. Ni uongo wangu wa mwisho katika habari hii, na ndio ulionichoma zaidi.

Baada ya mazishi nilimpelekea mama wa duka chupa yake ya chai, iliyobaki kwetu. Nilitaka kuiacha niondoke, lakini alinivutia kigoda.

"Mama yako alikuwa anajua," alisema. "Ile jina hukuandika."

Nikamuuliza alijuaje.

"Mzee amekaa kanisani miaka yote hiyo, hajui mambo ya daftari? Mimi nilimwambia, mama, wacha mimi niende huko kwa kanisa, niongee na hao wamama. Mimi siogopi. Akakataa."

"Alisema nini?"

Alifuta kaunta ambayo haikuwa na vumbi. "Alisema, hao wakiingia kwa mlango, mtoto wangu atatokea kwa mlango ingine. Wacha tu. Mimi nataka huyu mtoto ndiyo akae."

"Na vikombe?"

"Vikombe alisema ni yako. Ukichoka kuvipanga, utaenda mwenyewe."

Ningependa kusema moyo wangu ulilainika. Nilimkasirikia mama kwa kunyamaza, na hasira hiyo haijaisha. Kila Alhamisi huamka nami. Mama alitoa nyimbo zake za mwisho ili mimi niendelee kukaa pembeni mwa kitanda chake nikimdanganya, naye akaniitikia kila uongo amina.

Jioni ya siku ile niliyorudisha chupa nilipika ugali wa mtu mmoja. Nikanawa, nikakaa mbele ya sahani. Jibu la swali la mama nilikuwa nalo, la kweli, la hapo hapo nyumbani, na hakuna aliyeniuliza.