Vali ya Mama na Fomu ya Daktari wa Meno

Wiki nzima kabla ya mama kung'olewa jino, nilikaa na simu nikijifundisha mwenyewe jinsi vali za moyo, vile vilango vya damu, zinavyoambukizwa. Nikachora jedwali la rangi nne, kila hatari na rangi yake, na kulibandika kwenye friji yetu huku Eagan, Marekani: vali iliyobadilishwa, maambukizi ya awali, kasoro ya moyo ya kuzaliwa, ufizi mbovu. Nililichora upya mara tatu kwa sababu mistari haikunyooka. Kisha nikaanza kujipima mimi. Moyo wangu ni mzima kabisa, lakini ufizi ulitoka damu nikipiga mswaki, basi nikajipangia mazishi.

Mwenye vali iliyobadilishwa ni mama. Ile ya kuzaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Huku Minnesota akawekewa ya nguruwe. Jino liking'olewa, bakteria wa mdomoni huweza kuingia kwenye damu na kujishikiza kwenye vali kama hiyo. Alihitaji antibiotiki kabla ya koleo.

Kliniki, fomu iliuliza kama ana tatizo lolote la moyo.

"Weka hapana," mama akasema.

"Lakini mama!"

"Nilisimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia kwamba nimepona. Sasa nije nimkane Mungu kwa daktari wa meno?"

Na mimi, mwenye jedwali la rangi nne, nikaweka hapana. Tena alama safi, iliyokaa katikati ya kisanduku. Ushuhuda ule niliupigia makofi mimi mwenyewe. Ningeanzia wapi kubisha?

Walipomwita, nikainuka kabla yake. Nikamkimbilia daktari mlangoni.

"Nimedanganya," nikasema, kama mtu aliyeua. "Ana vali ya nguruwe."

Daktari akavua glavu. Mama akanikata jicho lile la kunyamazisha watoto wakati wa maombi, kisha akashusha pumzi.

"Haya, andika. Lakini andika yote: Mungu aliniponya, akatumia nguruwe."

Nafasi haikutosha, nikamalizia pembeni. Alimeza vidonge, tukasubiri karibu saa nzima, ndipo jino likatoka.

Jioni nilichukua kalamu ya rangi ya tano, nikaongeza kwenye jedwali hatari ambayo simu haikunitajia: mtoto wa mgonjwa, akijaza fomu.

Mstari ulipinda. Nikauacha.