Fomu ya Marehemu Masereka

Siku moja siisahau, mwanangu, ingawa nimesahau nyingi zilizokuwa nzuri kuliko hiyo. Nilikuwa Bwera, nyumbani kwetu mpakani mwa Uganda na Kongo, likizo ya mwisho kabla ya kumaliza shahada ya uchumi, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Nakusimulia kwa sababu jana ulinionyesha barua ya chuo kikuu, ukaniuliza masomo hayo yanataka nini na yanampeleka mtu wapi. Uliuliza vizuri. Mimi sikuuliza, nilidhani mtu husomea uchumi ili awe tajiri, na kijiji kizima kilidhani hivyo pamoja nami.

Masharti yenyewe, nikitazama barua yako, hayajabadilika sana. Wanataka hisabati, na usijidanganye kwamba utaikwepa, maana ukiikimbia mwaka wa kwanza inakungoja kwenye takwimu mwaka wa pili. Utasoma nadharia za soko, historia ya uchumi, mambo ya kodi na serikali. Mwaka wa tatu unaandika utafiti wako, kutokana na maneno ya watu uliowauliza wewe mwenyewe. Bila huo hakuna shahada, hata uwe umefaulu mengine yote.

Utafiti wangu ulihusu wakulima wa pamba wa Kitswamba: je, bei ikipanda watalima zaidi? Karani wa chama cha ushirika alinipa orodha ya majina arobaini, nami nikaandaa fomu arobaini. Sasa, kutoka Bwera hadi Kitswamba ilikuwa basi mpaka Kasese, kisha lori ukibahatika, kisha miguu, na jua la nyanda za Busongora unalijua. Mimi nilishazoea viatu vya ngozi na kuitwa msomi sokoni. Nikajiambia kwamba wakulima nawafahamu, nimezaliwa kwao, na kitabu kimeshasema bei ikipanda watu huzalisha zaidi. Nikaketi sebuleni siku tatu, nikazijaza fomu zote kwa kalamu tatu tofauti, eti zionekane zimetoka nyumba tofauti.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwa jirani. Mama Kavira alikuwa Mkongomani wa Butembo, mfanyabiashara aliyenunua maharage Kitswamba na kuyauza ng'ambo ya mpaka. Alisomeshwa na masista, na karatasi yoyote iliyomwangukia mkononi aliisoma mpaka mwisho. Asubuhi hiyo alikuja kuomba moto. Akaona fomu mezani, akachukua moja, akaisoma polepole, akaketi.

“Bwambale, hii Masereka ya karibu na kanisa, mulionana lini?”

“Juma lililopita, mama.”

“Na alikuambia anataka kuongeza shamba ya pamba?”

Nikasema ndiyo.

“Masereka tulimuzika mwezi yenye ilipita. Mi mwenyewe nilipeleka maharagi ya kilio. Mutu iko mu kaburi, na bado anataka kuongeza shamba?”

Nikajitetea kwamba kwetu kila mtoto wa tatu wa kiume ni Masereka, huenda ni mwingine. Alichukua fomu ya pili, na ya tatu, akazilinganisha. Kisha akasema, wala hakukasirika:

“Batu wote hawa beko na kinywa moja, na ni kinywa yako. Walikutuma Kampala usome kusikiliza watu, ao usome kujisikiliza?”

Niliona aibu, mwanangu, na hata leo nikisimulia naiona. Siku tisa zilibaki kabla ya chuo kufunguliwa. Nikizipeleka zile fomu, shahada ninayo. Nisipozipeleka, huenda nikaikosa, na baba yangu alishawatangazia watu. Mwalimu kule Kampala asingejua Masereka yupi yu hai na yupi amekufa. Ningefaulu tu, na hilo ndilo lililoninyima raha.

Kesho yake nilipanda basi na Mama Kavira. Nilianza kwa mjane wa Masereka, jina lake Biira. Msibani huendi na kalamu, kwa hiyo karatasi ilibaki mfukoni. Nilitoa pole, nikaketi, nikamsaidia kupukuchua maharage hadi alasiri. Ni yeye mwenyewe aliyeanza habari ya pamba. Alikuwa ameing'oa.

“Pamba inataka mikono,” alisema. “Mikono ya watoto iko shule, ya mzee iko chini ya udongo. Hiyo bei ikipanda, mimi nitavuna na nini?”

Miaka mitatu nilisoma bei, na swali hilo sikuwahi kulisikia.

Nilizifikia nyumba kumi na nane tu. Niliandika kumi na nane, nikaeleza na sababu, pamoja na ule uongo wa sebuleni. Mwalimu alinikata alama nyingi, akaniacha nipite. Ndiyo maana ile shahada iliyoning'inia ukutani ni ya daraja la mwisho, nawe umekuwa ukishangaa kwa nini sijivunii. Zile fomu arobaini Mama Kavira alizichukua, akawa anafungia chumvi ya ziwa Katwe aliyoiuza sokoni. Nami nilinunua yangu, imefungwa ndani ya maneno ya Masereka ambayo hakuyasema.

Basi sikiliza. Masharti yote yamo kwenye barua yako, yashike, na hisabati uianze leo. Lengo ndilo hawakuliandika vizuri. Shahada hiyo haikusudiwi kukutajirisha. Inakufundisha kujua jinsi watu wanavyokigawa kidogo walichonacho, na kwa nini, na hayo hayajulikani kwa kukaa sebuleni. Kuuliza si ujinga. Siku utakapojiona una jibu kabla hujauliza, jiogope, vaa viatu, uende.

Mungu akupe akili ya hesabu na miguu isiyochagua njia. Na kila mlango utakaopigia hodi, aitikie mtu aliye hai, nawe umsikie.