Kitovu Kisikatike

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa haijafika miezi saba, kilo moja na chembe, na kufikia siku ya pili mishipa yake ilikuwa imegoma. Mikononi, miguuni, hata kichwani walikomnyoa kijisehemu, kila walipochoma mshipa ulipasuka na ngozi ikavimba. Daktari wa wodi ya watoto wachanga, msichana mdogo kwangu kwa umri, mwenye macho mekundu ya uchovu, aliniambia imebaki njia moja. Ndani ya kitovu kibichi kuna mshipa mkubwa unaoelekea moyoni. Wangepitisha mrija mwembamba humo, apate dawa na chakula mpaka tumbo lake liweze maziwa.

"Na ikikataa?" nikauliza.

"Mama, wacha tujaribu kwanza."

Walinitoa nje. Mara ya kwanza picha ya eksirei ilionyesha mrija umepinda kuelekea kwenye ini, wakauvuta, wakaanza upya. Mara ya pili ulifika. Niliporuhusiwa kuingia, kitu cha kwanza nilichotazama ni mshono, kwa sababu mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda changu cha ushonaji mtaa wa Rhonda. Walikuwa wamezungusha uzi mweusi kwenye kitovu wakaukaza kama mdomo wa mfuko, halafu ncha zake wakazifunga kwenye mrija. Aliyeshona angekuwa mwanafunzi wangu ningemwambia afumue.

Nesi aliona ninavyotazama. "Usiguse, mama. Hiki kitovu kikikatika mapema, mrija unatoka nacho, na hatuna pengine pa kuweka."

Basi nikaanza kuulinda kwa macho ule mshono mbovu.

Shida yangu nyingine ilikuwa Molo, kwa mama mkwe. Alinipigia simu kila siku baada ya chakula cha mchana, na swali lilikuwa moja: "Kitovu kimekatika?" Kwao hakuna anayekwenda kuona mtoto kabla kitovu hakijakatika. Mume wangu alikuwa zamu kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme, huko nyuma ya Naivasha, na nilipomweleza habari ya mrija alisogea kwanza mbali na kelele za mitambo. Kisha akasema, "Tafadhali usimwambie mum. Mtoto wake wa kwanza kitovu kilioza. Mtoto akaenda nacho kaburini."

Kwa hiyo nikawa najibu, "Bado, mum," na yeye anashusha pumzi, ananiambia wanaomba. Mimi si mtu wa kuficha mambo. Mdomo wangu umenigombanisha na wateja wengi. Lakini hilo nililimeza.

Kila baada ya saa tatu kina mama tuliitwa kukamua maziwa. Tulikaa kwenye benchi, kila mtu na kikombe chake, kisha tukarudi ndani. Wenzangu waliletewa uji na dada zao, wakasimama nao koridoni wakicheka kidogo. Mimi sikuwa na mtu wa kutoka Molo, na dada sina. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilianza kuisalimia mashine ya dawa. Nesi alinikuta siku moja naiambia "habari ya asubuhi" akajifanya hajasikia, na nilimpenda kwa hilo.

Jumapili, siku ya tano, mama mkwe alipiga akiwa na akina mama wa kanisa lake. Aliweka simu kwa spika, nikasikia viti vikivutwa.

"Mama mtoto, uko? Tunataka tuombe na wewe. Tuchukue hiki kitovu mbele za Mungu."

Wakaanza. Wamama kumi au zaidi, kwa sauti moja, kikatike, Baba, kikauke na kianguke katika jina la Yesu. Nilisimama koridoni simu ikiwa sikioni, nikasema amina mahali pa amina. Kisha nikanawa mikono, nikaingia, nikapitisha mkono kwenye kidirisha cha mashine ya joto nikamshika mwanangu unyayo. Nikaomba kisikatike. Bwana, usiwasikilize. Niliomba hivyo hivyo, kwa hasira, dhidi ya kanisa zima la Molo.

Kesho yake asubuhi nesi alikuta uzi umelegea na mrija umeteleza kidogo nje. Niliona kabla hajaniambia. Nilimchukia mama mkwe wakati huo, nisidanganye, kama vile ameingiza mkono wake mwenyewe akavuta. Walileta mashine ya picha, mimi nikasimama ukutani na aproni yangu ya plastiki, nikihesabu vigae. Daktari alitazama picha muda mrefu.

"Bado uko mahali pazuri," akasema. "Wacha nishone tena."

Safari hii alishona vizuri. Nilimwambia, akacheka.

Siku ya nane maziwa yalikuwa yanakaa tumboni, wakautoa mrija. Kitovu kikaachwa kikauke. Siku tatu baadaye nilikuwa nambadilisha nepi nikakikuta kimebaki mle ndani, cheusi, kigumu. Nilipiga simu Molo nikasema kimekatika. Mama mkwe alikata simu papo hapo, na kesho yake kabla ya saa nne alikuwa mlangoni mwa wodi amevaa viatu vya kanisani.

Walimruhusu dakika chache. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, maneno nimeyapanga tangu alfajiri, na hayakuwa mazuri. Alipitisha mkono kwenye kidirisha, akaweka kidole kimoja kando ya kitovu cha mtoto. Kisha akautoa mkono, akakinusa kile kidole, na mimi nikamkumbuka mtoto wake wa kwanza.

"Mungu amejibu maombi yetu," akasema.

"Amina, mum," nikasema.

Mtoto sasa ana miaka mitatu. Tukienda Molo, shosho yake, yaani mama mkwe, humfunua fulana amtazame tumbo kabla hata hajamsalimia, na watu wa nyumbani humcheka. Mimi huwa nasubiri turudi, nimwogeshe tukiwa wawili tu, ndipo nami namtazama kitovu.