Diski Haikuwa Yake

Mtaani walimwita Fundi Tovuti. Zamani mwanamke huyo alikuwa karani wa masjala. Ofisi ilipopunguza watu, akajifunza kutengeneza tovuti, akapanga chumba juu ya duka la vioo, akawa anatunza tovuti za watu: shule mbili, mshona nguo mmoja, kampuni ya mazishi, na Mzee wa Posta.

Huyo mzee alichambua barua za watu miaka thelathini na moja. Binti yake wa pekee alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na kabla ugonjwa wa figo haujamzidi, alijirekodi akiwafundisha akina mama: namna ya kumshika mtoto, la kufanya homa ikipanda, usishtuke akipiga chafya. Rekodi mia mbili na kumi na nne. Alipofariki, mzee alimletea Fundi simu ya marehemu, ameishika kwa mikono miwili.

Fundi akaziweka rekodi kwenye tovuti, nayo ikapendwa. Akina mama wakaingia kwa wingi mpaka tovuti nyingine zikawa zinakwama. Wakati huo Fundi alikuwa kwenye seva ya kuchangia na watu wengine, sawa na chumba kwenye nyumba ya wapangaji: jirani akifungua bomba, kwako maji yanakatika. Akaamua kukodi seva nzima, mashine ya peke yake, katika kampuni ambayo hakuwahi kuona hata lango lake. Ilikuwa na diski mbili. Kilichoandikwa kwenye moja kiliandikwa na kwenye ya pili.

"Sasa baba tumehamia kwetu," alimwambia mzee.

"Na hii simu? Nimebaki naitumia mimi, lakini imejaa. Haipokei hata ujumbe."

"Futa tu hizo rekodi. Huku ni salama kuliko mfukoni mwako."

Mzee akazifuta kwa siku tatu. Kila moja aliisikiliza kwanza.

Mwaka wa pili, Jumatatu ya wiki ya kuandikisha wanafunzi, kampuni ilituma barua pepe: diski moja imekufa, chagua saa tuzime mashine tuibadilishe. Fundi aliisoma. Shule zote mbili zilikuwa zinaandikisha watoto kupitia kwake, na kuzima hata nusu saa kungemwangushia simu za wazazi. Si ipo ya pili? Akajibu wasubiri Jumamosi.

Ijumaa saa nne asubuhi, ya pili nayo ikakata roho.

Vitu vya shule alikuwa na nakala zake, kwa sababu walimu wakuu walizidai kwa maandishi. Mzee wa Posta hakuwahi kudai kitu.

Jioni Fundi aliipigia kampuni simu. "Nitumieni hizo diski, nitafute wataalamu wa kuzifufua."

"Pole sana, dada," alijibu mtu wa kampuni, sauti ya upole. "Tumeshakuwekea mpya. Mbovu zinasagwa siku hiyohiyo."

"Mmesaga vitu vyangu?"

"Vitu ni vyako. Diski ni za kampuni. Na mkataba unasema nakala ni kazi ya mpangaji."

Hakuwa na wa kugombana naye. Sahihi ilikuwa yake.

Kesho yake alikwenda kwa mzee. Alimkuta kitini, simu mkononi, anabonyeza.

"Baba, sauti zimepotea."

"Mpaka lini?"

"Hazirudi."

Mzee aliacha kubonyeza. "Hata ile ya chafya? Pale mwishoni anacheka kidogo."

"Hata hiyo."

"Uliniambia nifute."

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyekwambia."

Fundi alijiandaa kwa matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Mzee aliinuka polepole, akamfungulia mlango. "Haya, mwanangu. Umefanya vizuri kuja mwenyewe."

Fundi alibandika tangazo kwenye tovuti kuomba yeyote aliyehifadhi rekodi. Baada ya miezi miwili akapata tatu, zote za kunyonyesha. Akampelekea. Mzee alisikiliza nusu ya moja pale pale mlangoni, akamrudishia simu yake.

"Ni yeye," alisema. "Ziweke, akina mama wasikie. Lakini mimi usinitunzie tena kitu."

Siku hizi wakikutana njiani Fundi humwamkia, mzee huitikia vizuri tu, na hasimami.