Boya la Wifi Gati

Mume wangu Kisyeri hana akili, na nasema hivyo akiwa anasikia. Tangu dhahabu ianze kuonekana mashambani hapa Kemambo, kila kitu kizito kwake ni jiwe la kusagwa litoe dhahabu.

Dada yake, wifi yangu Gati, hakutaka kabisa mambo ya machimbo. Alisomea bahari. Watu walimcheka sana: binti wa Kikurya, hata kuogelea hajui, eti anapima mawimbi! Wala hakujali. Kimbunga kikikaribia pwani, wenzake kazini hutupa baharini boya, dude la njano lenye ukubwa wa boga. Linapanda na kushuka na kila wimbi, na mashine iliyo ndani inaweka kumbukumbu kwenye kadi ndogo nyeusi: wimbi lilikuwa na urefu gani, lilitoka upande gani. Hakuna meli inayothubutu kukaa chini ya kimbunga kwa kazi hiyo.

Mwaka mmoja mawimbi ya kimbunga yalitangulia upepo, yakawameza wavuvi ambao Gati mwenyewe aliwaambia bado wana muda. Jambo hilo lilimtafuna. Liliokotwa boya moja tu, antena imevunjika, kumbukumbu hazikutumwa popote, zote zimo humo humo. Gati alikuwa ndio kwanza amekabidhiwa boya hilo alipopigiwa simu kwamba mama yao amefariki. Akapanda basi nalo, akaliweka chumbani kwetu, akatoka kwenda kupokea waombolezaji.

Sasa, wachimbaji wa huku wana desturi yao: jiwe likilala nyumbani kwako, unalijaribu kama lina dhahabu bila kuulizwa, na aliyelileta unampa fungu lake. Sisi wanawake tukiwa tunapika chakula cha msiba, Kisyeri akalipasua boya, akaona vijisehemu vinang'aa njano, akatia vyote kwenye tindikali. Maskini, alidhani anamsaidia dada yake.

Baada ya mazishi akamwekea Gati kiganjani chembe ya dhahabu, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akasema lile dude lilikuwa na mali, na yeye hakujikatia hata kidogo.

Nilitamani amzabe kofi. Gati akauliza tu, "Kaka, na ile kadi nyeusi?"

"Ile haikuwa na kitu. Nimeichoma na takataka."

Wifi akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Wavuvi wakiniuliza tena kama wana muda, nitawaambia nini?"

Kisyeri, kwa moyo mweupe kabisa, akamshauri auze ile dhahabu anunue boya lingine.